Kadi ya Zamani ya Baba

Mwanangu, kabla hujaenda kupiga picha ya kitambulisho chako, keti kwanza. Nakumbuka asubuhi moja hapa mtaani kwetu Nengo, mwishoni mwa miaka ya tisini, ambayo ningeweza ningeirudisha.

Nilikuwa binti mwenye mdomo, nauza sambaza, vile visamaki vya ziwani Rubona, nikivuka mpaka kila siku hadi Goma. Kadi mpya zilikuwa zimeanza kutolewa, zisizo na ule mstari wa kutaja kabila uliokuwa kwenye kadi za zamani. Mimi nilizishangilia, mama alizikataa katakata. Alisema karatasi inayomwambia askari wewe ni nani, siku moja itamwambia pia muuaji. Nilimjibu kwamba asiye na kadi hapiti kwenye kizuizi cha barabarani. Tulibishana wiki nzima.

Hata marehemu baba tulimgombania. Wakati wa vita, watu walipokuwa wakiuawa kwa kabila lao, aliiacha kadi yake nyumbani kwa kuuogopa ule mstari, akakwama kwenye kizuizi kwa kukosa kadi, na hakurudi. Kila mmoja wetu alimfanya kuwa ushahidi wake. Mama aliitunza kadi ile ndani ya Biblia aliyokimbia nayo, nami kila nikiiona, niliona mstari tu. Basi alipokwenda kuchota maji, niliitia kwenye mbabura, jiko letu la makaa, nikajiona nimeisafisha nyumba.

Aliporudi nilimwambia kwa majivuno. Hakufoka. Alitua ndoo, akasema polepole, "Mutoto yangu, kwa ile kadi kulikuwa sura ya baba yako. Picha ingine hatuna."

Ilikuwa kweli. Nyumba yetu iliporwa yote wakati wa vita, hata picha za harusi. Mwezi uliofuata mama alikwenda mwenyewe kuchukua kadi mpya, na ushindi huo sikuufurahia hata kidogo.

Leo unaniuliza babu yako alifananaje, nami nababaika. Kikohozi chake nakikumbuka, na koti lake la kahawia. Uso umefutika. Namtamani baba yangu, mwanangu, hata kwa kile kipicha kidogo kilichofifia.

Kwa hiyo chukua kitambulisho, kitakufaa. Lakini uliza kimeandikwa nini, na nani atakisoma. Na siku utakapokuwa na hakika kabisa kwamba haki iko upande wako, usiguse cha mwenzako kabla hujamuuliza anakitunzia nini. Mungu akupitishe salama kila unapopita, akujalie uzee wa kuzikumbuka nyuso za wote uliowapenda.