Usipike, Piga Tu

Mwanangu, kuna Jumatano moja ambayo nikiikumbuka masikio yangu bado yanapata moto, ingawa miaka imepita. Hapa kiwandani wananiita mzee kwa sababu nilikuwepo tangu pipa la kwanza la rangi, na mimi sikatai, mradi tu wasininunulie mkongojo. Siku hiyo mimi Nyaboke nilikuwa msichana, nimetoka Kisii na cheti changu cha maabara, na mdomo uliozidi cheti.

Kazi yetu wakati huo ilikuwa bado ya kujaribu. Wakulima wa hapa Boito walikuwa wamepanda ile chai ya majani ya zambarau, lakini ilikuwa inachanganywa na ya kijani kwa bei ile ile, kana kwamba hakuna tofauti. Wengine walishaanza kunoa jembe waing'oe. Sisi tukataka kuitoa rangi yenyewe kwenye jani na kuikausha iwe unga, watu watie kwenye yogati na peremende, hata wapake midomoni, badala ya rangi za kemikali. Mwenye kiwanda cha yogati kule Nakuru alikubali kuja Ijumaa aone sampuli. Akiipenda, mashamba yanabaki. Akiikataa, jembe.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Kirui, Mkipsigis wa pale pale Boito, aliyeijua chai kuanzia kitaluni. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya nyumbani: gari likawa kari, bahasha ikawa pahasha. Nami, Mungu anisamehe, saa ya chai nilikuwa namwiga. "Nyaboke, lete pahasha!" Wenzangu walicheka mpaka vikombe vikamwagika, nikajiona mcheshi sana.

Basi Jumatano hiyo akina mama walileta majani mabichi, magunia sita, wameyachuma kwenye umande. Mzee Kirui alinipeleka mpaka kwenye mashine, akasimama mbele yangu, akaniambia polepole neno kwa neno, "Nyaboke, hii majani usipike. Piga tu." Kisha akapanda pikipiki kwenda Silibwet kutafuta chujio jipya.

Kupiga, kwetu, ni kuyaponda majani kwa mashine ndani ya maji baridi yaliyotiwa asidi ya ndimu, yaachie rangi. Kupika unakujua. Mimi nilikuwa sijawahi kufanya hatua hiyo, lakini nilijua, au nilijifanya kujua, kwamba kinywani mwa Mzee Kirui g ni k na k ni g. Nikaligeuza neno lake. Amesema nisipike nipige, kwa hiyo anataka nisipige, nipike. Nilicheka peke yangu, nikajipongeza. Namba yake ya simu nilikuwa nayo, na sikuipiga.

Sufuria kubwa tuliyotumia kukaushia rangi kwa moto mdogo ilikuwa pale pale. Nikawasha moto, nikachemsha gunia baada ya gunia. Nilipoona zambarau inafifia, unajua nilifanya nini? Nikaongeza moto. Kufikia saa sita nilikuwa na maji ya hudhurungi ambayo hata ng'ombe asingeyaonja.

Mzee Kirui aliporudi alichovya kijiko, akakitazama kwenye mwanga. Hakupaza sauti. Ningefurahi angepaza.

"Nilikuambia aje?"

"Ulisema nisipike, mzee, lakini nilifikiria..."

"Ulifikiria mimi sijui kusema." Akaweka kijiko chini. "Jana nilikuwa hapo nje ya dirisha, nikakusikia ukifanya ile sauti yangu. Sikukasirika. Nilisema, hii neno ya kesho lazima nitamke vizuri, huyu msichana asikosee. Asubuhi yote njiani nilikuwa nasema tu, usipike, piga, usipike, piga. Nikakuja, nikasema sawasawa. Na wewe ukageuza."

Mwanangu, nililia. Mimi Mkisii, l hainitoki vizuri. Nikitaka kalamu naomba karamu. Miezi yote ile mzee huyo alikuwa ananiletea kalamu bila hata kutabasamu.

Hakunifukuza. Alinituma kwa akina mama niwaeleze kwa mdomo wangu mwenyewe, nisisingizie mashine. Nilimkuta kiongozi wao, Mama Chebet, akikamua ng'ombe. Nikamwambia yote, pamoja na ile ya kuiga. Alimaliza kukamua, akafunika ndoo.

"Umepika chai," akasema. "Wewe si wa kwanza hapa kupika chai. Kesho tutachuma upande wa mtoni, huko bado. Utabeba kikapu na sisi. Lakini Kirui utamwomba msamaha mbele ya wale walicheka, si kando kando."

Nikabeba kikapu. Saa ya chai nikasimama, nikamwomba msamaha mbele ya wote. Mchana huo tukayapiga majani kwa maji baridi, mimi na yeye, na rangi ikatoka kali mpaka viganja vyangu vikawa vyekundu. Ijumaa mgeni aliikoroga kwenye yogati, ikawa waridi. Alimaliza kikombe, akaomba kingine, na Boito hakuna aliyeng'oa mche.

Sasa wewe unaanza kazi Jumatatu. Utakuta hapa Wakipsigis, Wakisii na Waluhya, na kila mmoja atakuelekeza kwa Kiswahili cha kwao. Usipoelewa, uliza. Ukielewa huku unacheka moyoni, hapo ndipo uulize zaidi, maana kicheko hicho kimeshakuziba masikio. Na mtu akihangaika na lugha isiyo yake ili wewe usikosee, jua amekuheshimu kuliko unavyostahili.

Mungu aibariki mikono yako, isikose kazi katika nchi hii ya chai. Na akupe masikio yanayomsikia mtu kwanza, lafudhi yake baadaye.