Mwenye Kipande cha Mwisho

Kitabu kimoja tulikigawa vipande vinne kwa wembe. Ulianza kwenye gundi ya mgongo, ukashuka polepole usije ukakata maneno, kisha kila kipande kikashonwa kwa uzi wa kiwandani na kuvikwa jalada la katoni. Mtu wa nje angesema tunakiua kitabu. Lakini wasomaji tulikuwa wanne, nakala ilikuwa moja, na mimi kwa kungoja zamu sikujaliwa.

Ilikuwa Eldoret, miaka ile ya chama kimoja, katika kiwanda cha nguo ambacho mashine zake ulizisikia hata ukiwa umelala kwako. Humo ndani hakuna aliyeongea akasikika. Maneno yote tuliyaweka mpaka saa ya chakula, tukayatoa nyuma ya stoo ya pamba, penye jua, maana baridi ya mji ule haikuwa na huruma.

Aliyetuletea vitabu alikuwa karani wa stoo, msichana aliyemaliza kidato cha nne na kujipaka poda hata siku za kupokea marobota. Vilikuwa vitabu vyembamba vya Kiswahili, mfululizo wa hadithi za upelelezi, na mpelelezi mwenyewe alikuwa mwanamke. Sisi tulimwita Inspekta tu. Kwenye kila jalada alisimama mkono mmoja kiunoni, wa pili umeshika tochi, miguuni viatu vya kisigino ambavyo sijui angemkimbiza mwizi gani navyo.

Kitabu kipya kikifika, vipande viliwekwa ndani ya mfuko na kila mmoja akachomoa bila kuangalia. Aliyepata cha kwanza alikuwa na heri. Aliyepata cha katikati alianza hadithi kama mgeni aliyekuta watu wanagombana. Aliyepata cha mwisho alimjua muuaji kabla hajamjua marehemu, na huyo alikuwa na sheria yake: afunge mdomo mpaka wote tusome. Wengine tulisimuliana vipande vyetu, tukabishana, kisha tukabadilishana.

Siku moja msimamizi wetu alitufumania na vikaratasi hivyo. Wakati ule karatasi inayopita mkono kwa mkono ilidhaniwa ya uchochezi, ilikuwa balaa, na uso wake ulikuwa umekauka. Alinipokonya changu, akasoma ukurasa mzima akiwa wima, akageuza, akasoma wa pili. Halafu akauliza kinachofuata kiko na nani.

Juu ya Inspekta hatukuwahi kukubaliana. Mkubwa wetu, ambaye sote tulimwita Mama, alikuja mjini kutoka upande wa ziwa kabla sijazaliwa, na kanisani kwake alikuwa kiongozi wa akina mama. Yeye hakumpenda.

"Mwanamke hana bwana, hana mtoto, hana hata shamba ya mahindi," alisema. "Ndio maana ako na nafasi ya kufuatafuata mambo ya watu."

"Lakini Mama, si anashika wezi?" karani akamtetea.

"Na akienda kushika wezi, nani anapika?"

Mimi nilimpenda kwa jambo dogo. Akiingia ofisini, wanaume walisimama. Pale kiwandani hakuna mwanamume aliyewahi kusimama kwa sababu yangu, labda kama nimemmwagia chai.

Msomaji wa nne alikuwa jirani yangu wa mashine, mke wa koplo wa polisi. Tulimtegemea yeye kutuambia lipi la kweli na lipi la kutungwa, naye alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Huyo si polisi! Mimi nakaa laini za polisi, kwa nyumba za askari. Askari wa kike huko anatumwa chai, anapekua wanawake wenzake, basi."

Kisha Jumatatu moja alikuja kazini shavu limevimba, jicho moja limefichika. Hatukuwa na haja ya kuuliza. Haikuwa mara ya kwanza, ila safari hii alikuwa ametoka na nguo alizovaa tu. Mama alimchukua akakae chumbani kwake, mtaa wa Langas. Haikuchukua siku nyingi koplo akatuma ujumbe kupitia kwa wazee wa kanisa: ameomba msamaha, anataka mke wake. Mama akakubali kumrudisha Jumamosi.

Mama alikuwa amerudisha wake wengi na kazi hiyo aliijua: kuku aliyepikwa, sala, maneno machache kwa bwana, soda, kisha kwaheri. Nadhani hata aliionea fahari. Mwenye shavu hakukataa. Aliitikia, "Sawa, Mama," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa abadilishe shifti, na hiyo sauti ndiyo iliyoninyima raha.

Wiki hiyohiyo ndipo karani akaleta kitabu kipya. Tukachomoa: karani kipande cha kwanza, Mama cha pili, mimi cha tatu. Mke wa koplo akatoa cha mwisho.

Hadithi yenyewe ilimhusu mfanyabiashara tajiri aliyeshukiwa kumuua mlinzi wake. Mke wa tajiri huyo alikuwa ameona kitu, naye akapigwa kwa sababu ya kuona. Katika kipande cha Mama, yule mke alikimbilia kwa shangazi zake. Katika changu, shangazi walikaa kikao kumwamulia arudi au asirudi.

Mnaweza kuona tulivyobishana. Karani alisema asirudi hata kwa dawa. Mama alisema nyumba haivunjwi kwa hasira ya siku moja, na watoto ni wa baba. Mimi nilisema wote wawili hawajasoma kipande changu, wanyamaze. Tulipiga kelele hivyo siku baada ya siku, huku mke wa koplo ameketi katikati yetu na kikombe chake, hasemi neno. Tulidhani anatii sheria.

Ijumaa nilimaliza kusimulia kipande changu. Shangazi walikuwa wamempeleka yule mke kwake. Walikula, wakaomba, bwana akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi akipiga mluzi.

Mama akapiga makofi. "Si nilisema? Mambo ya nyumba yanaisha nyumbani."

"Inspekta atamtoa," karani akasema. "Mtaona."

"Ameuawa," mke wa koplo akasema.

Karani akaruka. "Aah! Sasa si umetuharibia!"

"Shangazi wakishaenda tu. Wanampata asubuhi kwa tangi ya maji." Alikuwa ameweka kikombe chini. "Nimekaa na hiyo maneno hapa, nawasikia mkisema arudi, arudi."

Mama alimtazama kwa upole, upole wa kweli, si wa kuigiza. "Mwanangu, hiyo ni kitabu. Kuna mtu ameketi mahali akatunga."

"Najua, Mama. Na yule amekufa bado ananishinda bahati. Yeye ako na Inspekta wa kuuliza bwana maswali. Mimi wakinipata kwa tangi, mtaenda kuripoti wapi? Kwa deski ya ripoti ni bwana yangu anakaa."

King'ora kikalia. Karani alikusanya vikombe bila kuangalia mtu. Mama alibaki ameketi, nami nikampa mkono kumwinua, jambo ambalo siku nyingine angelikataa kwa maneno makali. Mchana wote nilimwona Mama ng'ambo ya mashine akikatikiwa na uzi, akiunga, akikatikiwa tena. Jumamosi ilikuwa kesho.

Nilijipeleka Langas asubuhi bila kualikwa. Nilimkuta Mama amevaa kitambaa chake cheupe cha kanisa. Kuku hakuwepo. Mlangoni kulikuwa na mkokoteni na mwenye mkokoteni, na Mama akaniambia tu, "Umekuja vizuri, una mgongo."

Tuliingia laini za polisi tukiwa watatu: Mama, mimi na mke wa koplo. Koplo alikuwa amepanga viti nje, soda ziko mezani, shati lake limepigwa pasi. Alitabasamu. "Karibuni, karibu Mama."

Mama hakuketi. "Tumekuja kuchukua vitu vyake."

"Vitu gani tena? Si ulisema unamleta?"

"Nilisema," Mama akajibu. "Leo nasema hivi."

Niliogopa. Miaka hiyo askari angeweza kukuandikia kosa lolote na likakukaa. Mama akaninyooshea kidole kwenye cherehani ya mwenzetu, nikaenda. Ilikuwa nzito. Wake wa askari wengine walikuwa wamesimama milangoni kwao, halafu mmoja akavuka uwanja, akashika upande wa pili wa cherehani, tukainyanyua pamoja. Koplo aliwatazama wale wanawake wote mmoja mmoja, akaingia ndani, akafunga mlango. Adhuhuri mwenzetu alikuwa kwenye basi la Bungoma kwa kaka yake, cherehani imefungwa juu.

Jumatatu Mama aliniomba kipande cha mwisho, ambacho mwenzetu aliniachia. Sheria ilikuwa imeshavunjwa na mwisho tuliujua, lakini alikisoma chote, kidole chini ya mistari, chakula chake kikapoa. Karani alimngojea kwa hamu. Alitaka kwa mara moja tu Mama akiri kwamba yule mwanamke ni hodari.

"Haya Mama, sasa unamwonaje Inspekta? Si alimshika yule bwana?"

Mama akafunga katoni, akanirudishia.

"Alimshika," akasema. "Lakini huyo Inspekta wenu, kila kitabu, anafika mtu akiwa amekufa."