Kanda ya Shangazi

Juzi niliondoka Singida asubuhi bila mpango, nikapanda basi la kwanza, nikashuka Mitundu. Kwenye kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye simu, nikasikia sauti ya marehemu shangazi yangu.

Nikakumbuka Mtinko nikiwa mtoto, mchana wa harusi, uani kunanuka mashudu ya alizeti. Mgeni mmoja aliinua redio kaseti ya kurekodia, akamwomba shangazi arudie wimbo wake. Akasita. Mimi nikapaza sauti, "Shangazi, imba tena!" Akaimba. Haukupita muda, kanda za wimbo huo zikauzwa mnadani.

"Mama wa watu kaibiwa sauti," majirani walisema.

Nililia, nikiamini ataamka bubu. Kulipokucha nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umenikodolea macho?"

Nikafurahi kwamba hajaibiwa kitu. Mgeni yule alifungua duka kwa pesa za kanda hizo. Shangazi alipalilia vitunguu vya watu mpaka akafa.

"Anayeimba ni shangazi yangu," nilimwambia kijana wa kibandani, nikiwa nimekunja uso.

"Pole, dada. Ila orijino ningeinunulia wapi hapa?"

Hata simu yangu imejaa nyimbo za kuwekewa vibandani.

Nikapata chumba gesti iliyo jirani na kibanda. Nilipofungua dirisha, wimbo ulikuwa unaanza upya, na kabla ya shangazi kuimba nikasikia kitoto kikimhimiza, "Shangazi, imba tena!"

Nikalifunga dirisha.