Pipa la Lieven Lisilo na Mwanzo

Lieven Cossaert, fundi mapipa wa Hoverbeke, aliandika michezo yake kwa msumari wa moto. Karatasi ni ya makarani, alisema, mbao ni zangu. Basi kila ubao aliupa mstari mmoja, upande wa ndani, na zikishatimia huzisimamisha duara, akazifunga pete, kisha huzunguka akizigongagonga kwa nyundo. Penye mwanya, mstari ni mbovu. Pasipo na mwanya, husubiri Jumapili baada ya misa, hufungua pete na kunakili kila kitu kwenye karatasi. Wako wenye elimu zao waliomcheka, na michezo yao inavuja mpaka leo.

Kasoro yake ilikuwa moja. Pete ya mwisho ikishakaza, kichwa chake kilibaki cheupe kama sahani iliyorambwa. Ukimuuliza alichoandika jana, alikujibu kwamba kimo kwenye mbao, nenda ukasome.

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mshika kalamu wa Ua la Njegere, chama cha mafundi waliotungia mji mchezo wa siku ya maandamano. Kalamu yenyewe ilikuwa unyoya wa bata bukini ndani ya ala ya bati, nayo ilining'inia shingoni mwake hata akiwa anaranda mbao. Tanneke, mkewe, alidai kwamba hulala nayo. Hakuwa akimsingizia.

Mwaka ule akajiunga chamani Gillis, karani wa mahakama, kijana mwenye Kilatini kingi na soksi za kijani. Alileta miungu ya Kiyunani, na nusu ya wanachama wakapagawa naye. Chama kikagawanyika, na mkuu wake, Pauwels mtengeneza bia, mtu mwenye tumbo lililomtangulia kila alikokwenda, akaamua bila kupepesa macho.

"Fundi, mchezo wako ukitimia siku ya maandamano, kalamu ni yako mpaka ufe," alisema. "Ukipungua hata onyesho moja, unamvisha Gillis kalamu hiyo kwa mikono yako mwenyewe, mbele ya watu."

Lieven alicheka, maana mchezo ulikuwa umekwisha. Ulihusu Mji, bwana mnene aliyefunga lango lake kipindi cha njaa, akabishana nalo mpaka likamshinda. Yote yalikuwa yameshanakiliwa isipokuwa maneno ya mwisho ya Lango, ambayo yalikuwa bado ndani ya kipipa kimoja, kimefungwa pete, kinangoja Jumapili.

Jumamosi Lieven akiwa mazoezini, mkokoteni wa Pauwels ukaja kuchukua vipipa sita alivyoagiza. Tanneke, mwanamke asiye na choyo, akaona kuna cha saba kimesimama peke yake kama yatima. Akawapa na hicho.

Lieven aligundua asubuhi ya siku ya maandamano yenyewe, kwa sababu Jumapili aliitumia kushona ndevu za Mji. Akazunguka karakana mara tatu, akaangalia hata chini ya paka. Kisha akakaa chini.

"Tanneke, mke wangu, kile kipipa cha pembeni?"

"Kipo kwa Pauwels. Kwani kilikuwa na nini? Kilikuwa kitupu."

"Kilikuwa na Lango zima."

Tanneke alimtazama, akaona mkono umeshika ile ala ya bati, akavua aproni. Hakusema samahani. Alitoka mbio kumshinda mumewe, na mitaa miwili baadaye Lieven alikuwa bado anauona mgongo wake kwa mbali.

Kwa Pauwels vipipa saba vilikuwa vimepangwa safu moja, vyote vimejaa bia kali ya Machi, vyote vina alama ya Cossaert, na hakuna jicho la binadamu ambalo lingeweza kuvitofautisha. Lieven akaomba vimwagwe. Pauwels akashika tumbo lake kwa mikono miwili kama aliyetukanwa mama yake.

"Bia yangu haimwagwi. Inanyweka."

Basi ikanyweka. Chama kizima kiliitwa, watu kumi na sita, wengine tayari wamevaa mabawa ya malaika. Kipipa cha kwanza kiliisha kwa haraka na heshima. Ndani kulikuwa na mbao tu. Cha pili kiliisha kwa nyimbo; mbao tu. Hapo Tanneke akaona wanaume hawa watakufa kabla ya kufika cha tatu, akapiga kelele mtaani kwamba mwenye gudulia aje. Wakaja wafua nguo, wauza samaki, watawa wawili na kinyozi. Hata Gillis alikunywa, akisema anafanya hivyo kwa ajili ya haki, na baada ya bilauri nne soksi moja ilikuwa imeteremka mpaka kifundoni. Maandishi yalipatikana kwenye cha sita. Mji mzima ulikuwa umechangamka, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Kunakili hakukuwezekana, kwa kuwa kengele ya maandamano ilikuwa imeanza na hakuna aliyebaki na mkono ulionyooka. Kipipa kikapandishwa kwenye gari la mchezo hivyo hivyo. Lango lilipofika zamu yake ya mwisho, Lieven mwenyewe akapanda, akaingiza kichwa ndani, akaanza kusoma pale macho yake yalipoangukia. Sauti ilitoka nzito, ikajaa soko zima.

*Fungua, ewe jirani, mtu yuko barazani,*
*mpe nusu ya mkate, nusu ibaki mezani.*

Akaendelea ubao kwa ubao, akizunguka kidogo kidogo na kipipa chake, watu wakimwona kuanzia mabega kushuka chini. Akafika hapa:

*Kesho ukiwa ni wewe uliye nje mvuani,*
*utaita kama yeye, utaita hadharani:*

Na ubao uliofuata ulisema *Fungua, ewe jirani*. Kwa ufundi wake alikuwa ameunga mwisho na mwanzo pasibaki mwanya wa kupitisha unywele. Humo ndani, na bia ya vipipa sita kichwani, Lieven hakuona mahali pa kuishia. Akazunguka mara ya pili. Mara ya tatu wafua nguo wakawa wanasema naye. Mara ya tano soko zima, watawa na wote, walikuwa wakidai wafunguliwe, na yule aliyecheza Mji akalia kweli, akafungua lango la mbao mpaka likang'oka bawaba. Tanneke, aliyesimama karibu na gari, aliona midomo ya Gillis nayo inakwenda. Akamgonga kiwiko.

"Na Kilatini leo kimelala wapi, mwanangu?"

"Niache, mama," Gillis akasema, machozi yanamtoka. "Usinipotezee mstari."

Kalamu ikabaki ilipokuwa. Baraza la mji lilipotaka nakala ya mchezo kwa ajili ya kabati lake, Lieven alipeleka karatasi zote na kipipa juu yake. Tanneke, ambaye hakujua hata herufi moja, tangu siku ile alifua, akakanda, akachambua dagaa kwa maneno yale, na Lieven akikosea ubao mmoja alimsahihisha bila kuinua kichwa.

Lieven aliishi miaka kumi na tisa zaidi, akaandika michezo mingine mingi ambayo sasa hakuna anayeikumbuka. Walipomzika, na ala ya bati kifuani, mvua ilikuwa inanyesha. Padri alipomaliza yake, mfua nguo mmoja mzee akaanza kwa sauti ndogo: *Fungua, ewe jirani*. Wakaitikia. Wakafika mwisho, ambao ulikuwa mwanzo, wakaingia tena, kwa maana hakuna aliyewahi kufundishwa pa kuishia. Wachimba kaburi waliegemea majembe yao. Gillis, ambaye sasa alikuwa na kitambi, ndiye aliyeongoza mzunguko wa nne. Wa saba ulipoanza, Tanneke akainua mkono.

"Basi, jirani zangu," akasema. "Ameshafunguliwa."