Karata ya Mwenye Mundu

Mama hakunituma kutalii. Kwetu Likasi, Kongo, juu ya moshi wa jiko lake, kila mavuno hutundika hindi moja kubwa la mdogo wangu Solange, msusi aliyehamia Durban na ambaye kila mwaka huahidi kurudi mwaka ujao. Mahindi yale yamekuwa meusi tii.

"Enda umulete," Mama aliniambia. "Akuje kukamata yake yeye mwenyewe."

Safari ya basi kupitia Zambia na Zimbabwe ilinivimbisha miguu. Asubuhi niliposhuka Warwick Junction, Durban, kwenye harufu ya mahindi ya kuchemsha na mitishamba, Solange alinipokea kwa kicheko, amenenepa, kapendeza. Nilipomtaja Mama, akageuza mazungumzo.

"Yaya," akasema, maana ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, "kesho iko fete ya mavuno kwa kliente yangu. Utaona maajabu."

Jumamosi alasiri, mtaa wa Sydenham. Lorna, mwalimu mstaafu ambaye Solange humsuka, anafuata dini ya kale ya kipagani. Wenzake wa Ulaya husherehekea mavuno mwezi wa nane. Huku kusini majira yamegeuka, basi hawa wa hapa ni Februari. Mimi, mzee wa kupanga watu kwenye viti kanisani, niliingia na rozari mkononi, nikitazamia kuku mweusi wa kafara. Uani nikakuta mishumaa, mikate, maboga, mahindi mabichi, na watu wamesimama kimya wakiushukuru udongo. Nilishangaa hata nikasahau kuogopa.

Kisha zikaja karata za taroti, zile za kupigia ramli. Kila mtu achukue moja, aitazame, aseme nini kimeiva maishani mwake. Solange akageuza yake: mifupa ya mtu imeshika mundu mrefu, inafyeka. Karata ya Kifo! Akilini nikamwona Mama kitandani, anakata roho.

"Inasema nani anakufa?" niliuliza.

Solange akamtafsiria Lorna, naye akatikisa kichwa.

"Anasema karata haitabiri, yaya. Inauliza tu: nini imeiva, na ukiiacha kwa shamba itaoza?"

Solange aliitazama sana ile mifupa. Upepo wa bahari uliinamisha mishumaa yote upande mmoja. Nilihisi nimesimama mahali patakatifu, Padri anisamehe.

"Ni kurudi kwa Mama," Solange akasema, machozi yakimtoka. "Eish, yaya. Niliogopa kurudi mikono mitupu."

Jumatatu alifunga saluni yake, tukapanda basi pamoja. Njiani nilikiri kwamba swali la kweli linaweza kukufikia hata kutoka kwenye meza usiyosali mbele yake.

Likasi, hata salamu hazijaisha, Mama alisogeza kigoda chini ya mahindi. Solange akakipanda ayatungue yake. Na Mama, licha ya magoti yake mabovu, akamshika kiuno asianguke.