Mtungi wa Maji ya Kuchemshia Soya

Niseme mapema, kabla sijaanza kujitetea: soya haina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Huku kwetu Ganze akina mama wameacha kuwapa watoto soya, wanaiita sumu, na mimi niliyeyaanzisha haya yote nimekaa kimya zaidi ya mwezi nikiitikia kwa kichwa.

Tuna kikundi cha akina mama tunaotengeneza unga wa uji. Mahindi, mtama na soya. Aliyetufundisha ni Mama Sidi, mama mtu mzima anayezunguka nyumba kwa nyumba kupima watoto kwa ule mkanda wa mkono wenye rangi. Kazi ya soya nilipewa mimi. Aliniambia na kurudia mpaka nikachoka: loweka, chemsha nusu saa nzima, anika, kaanga, ndipo upeleke kusagwa. Soya mbichi, alisema, huwachafua watoto tumbo, na ule moto mdogo wa uji hautoshi kuiivisha.

Na ilikuwa inasaidia! Mtoto wa kaka yangu, nimwite Furaha, mkanda ulikuwa umeonyesha nyekundu, yaani amedhoofu vibaya. Baada ya miezi miwili ya uji wetu akafika manjano, akaanza kusimama kwa kushika ukuta. Mamake, wifi yangu, alikuwa akimwonyesha kila mgeni mkono wa mwanawe.

Sasa wiki ile bomba likakauka. Ukitaka maji ni kutembea asubuhi nzima. Nilikuwa na mtungi mmoja niliouweka kwa ajili ya soya. Lakini Jumamosi nilikuwa na harusi ya binamu yangu huko Malindi, na leso yangu mpya ilikuwa ngumu kama karatasi, haijaingia maji. Nikaitazama leso, nikautazama mtungi. Nikafua leso.

Soya nikaipitisha tu kwenye kikaango, ikapata rangi kidogo, nikaipeleka kusagwa. Nilijiambia, mara moja tu haitamuua mtu.

Niliporudi kutoka harusini nilikuta watoto sita waliokunywa uji wa unga ule wanaharisha na kutapika. Furaha alikuwa amelegea mapajani mwa mamake, macho yameingia ndani.

Kikundi kikakutana siku hiyo hiyo. Mmoja akasema soya huharibu kizazi. Mwingine akasema amesikia wavulana wakiila huota matiti. Mama Sidi aliwaacha wamalize, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, soya uliichemsha?"

Wote walikuwa wananiangalia. Wifi yangu pia, mtoto begani.

"Niliichemsha, mama. Nusu saa."

"Una hakika?"

"Kwani mimi mtoto?"

Ikawa basi, kosa ni la soya, na la Mama Sidi aliyeileta. Unga wakawamwagia kuku. Akawa akipita njiani, watu wanamwitikia salamu huku wameangalia kando. Mimi bado aliniita mwanangu.

Watoto wengine walipona. Furaha alirudia uji wa mahindi matupu, na mwezi haukuisha mkanda ukaonyesha nyekundu tena. Akalazwa Kilifi. Nilimkuta wodini ana mpira puani wa kumlishia, mamake amemshika kidole.

"Wifi, ni ile soya," akaniambia. "Ningalijua, nisingalimpa hata kijiko."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote, mtungi na leso.

Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza tu, "Na leso ilikupendeza?"

Akamfunika mtoto miguu, kisha akasema, "Alhamisi kikundi kinakutana. Utasema mwenyewe, au nitasema mimi."

Kaka yangu bado hajui. Akijua, sijui kama nitakanyaga tena nyumbani kwake. Daktari anasema Furaha atapona, lakini polepole. Naogopa jamani, naogopa kweli.

Nyinyi mnaosoma, msibishane kama soya ni nzuri au mbaya kabla hamjamuuliza aliyeitengeneza. Na ukiulizwa kama umeichemsha, nawe hukuichemsha, sema papo hapo, aibu ikiwa bado ndogo. Ya kwangu ingeishia kwenye kumwaga debe la unga na kutukanwa siku mbili. Niliificha, na aliyeibeba ni mtoto wa kaka yangu.

Kesho ndiyo Alhamisi. Mtungi nimeshaujaza, nitaichemsha soya mbele yao wote. Lakini kwanza nitamwamkia Mama Sidi, na kabla hajaniita mwanangu, nitamwambia.