Ua la Kahawa Halichumwi

Enzi zetu kule Mbinga, nyie wenzangu mliokulia milimani mtashuhudia, ua lilikuwa la altare au la kaburi. Kumpa mtu mzima wa afya ua mkononi? Ungeulizwa nani kafa! Halafu zikaja zile siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba na redio kaseti zikajaa sokoni, na vijana wakaanza kufundishana kwamba ua jekundu ni mapenzi, jeupe ni moyo safi. Basi ikawa balaa.

Amosi, kijana wa ziwani aliyekuwa akipandisha usipa, vile visamaki vya ziwani, kuuza Mbinga, alimpenda dada yangu Koleta. Siku ya kuja kujitambulisha akaona jeupe ndilo lenyewe. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, mibuni imechanua, harufu tamu mpaka unasinzia. Kwao hawalimi kahawa, angejuaje? Akavunja matawi mawili palepale shambani kwetu, akapiga hodi, akainama: "Shikamoo baba." Baba akayakodolea macho yale matawi.

"Kila ua hapo ni punje ya kahawa," baba akasema. "Umekuja kuposa au kuniletea njaa? Toka! Binti yangu haolewi na mtu asiyejua sisi tunakula nini."

Nililia mimi. Koleta hakulia hata chembe. Mbishi yule, we acha tu! "Baba, asiyejua hufundishwa," akasema. "Huyu ndiye. Mwingine sitaki."

Ukafika msimu wa ngolo, yale mashimo tunayolima kwenye miteremko. Amosi akapanda mlima hadi shambani kwetu na fyekeo lake. Kwetu mwanaume hufyeka nyasi akazilaza mraba mraba, mwanamke akazifukia kwa udongo. Viganja vikamchubuka, watu wakamcheka: "Njooni muone, mvuvi anatandaza nyavu mlimani!" Akakaza. Koleta nyuma yake anafukia tu. Ikapiga mvua kubwa siku nzima. Ilipokatika, baba akaenda peke yake, akakanyaga matuta kwa kisigino, moja baada ya jingine. Hakuna lililobomoka. Akarudi akamwambia mama, "Mwite mkweo aje ale."

Leo wanetu wanatumiana maua kwenye simu, jekundu, la njano, hata la bluu, na maana zote wanazo kichwani. Jembe ndilo hawajui linashikwa wapi. Juzi binti yangu kanionyesha alilotumiwa, uso unameremeta. Nikamwambia ni zuri, mwanangu. Sasa mwambie aliyekutumia aje mwenyewe, shamba la mteremkoni lipo, na asivae zile raba zake nyeupe.